Mkono wa Daktari Kells na kazi unayotaka kuisomea

Ukilala kwenye kile kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi na taa machoni, hebu hesabu mikono iliyo juu ya uso wako. Ni minne. Miwili ni ya daktari. Miwili ni ya mtu wa pili, ambaye huenda hata jina hukumuuliza. Ndiye anayempokeza daktari vifaa kabla havijaombwa, anayeshika mrija wa kufyonza mate, anayekupiga picha ya eksirei huku akikusihi utulie sekunde moja tu. Huyo ni msaidizi wa daktari wa meno.

Kule Marekani kazi hii ina kozi yake kamili. Vijana wengi huisomea katika vyuo vya kijamii, yaani vile vyuo vya umma ambavyo karo yake ni nafuu ukilinganisha na chuo kikuu na ambako mtu anaweza kusoma kwa takriban mwaka mmoja akatoka na cheti cha kumpa ajira. Kama una dada au binamu aliyehamia ng'ambo, huenda umewahi kumsikia akitaja kozi za aina hii.

Sasa, ndani ya kozi hiyo kuna mtu utakayekutana naye karibu kila wiki hata kama mwalimu hatamtaja. Ukijifunza kukaa kando ya kiti na kumsaidia daktari, yupo. Ukishika mrija wa kufyonza, yupo. Ukifika kwenye somo la eksirei, hapo yupo kabisa, na hapo ndipo hadithi yake inauma. Jina lake ni Charles Edmund Kells. Mtaani kwako hakuna anayemjua, lakini waulize wanaofundisha historia ya meno na watakwambia huyu jamaa alikuwa mkubwa.

Kells alizaliwa Oktoba 1856 jijini New Orleans, ule mji wa bandari kusini mwa Marekani kwenye Mto Mississippi. Baba yake alikuwa daktari wa meno, kwa hivyo kijana alikua akinusa dawa za kliniki. Alipelekwa New York kusomea udaktari wa meno, akafuzu 1878, akarudi nyumbani kufanya kazi. Angeweza kuishia hapo, daktari mwana wa daktari, mwenye wateja wa kutosha na maisha ya starehe. Tatizo ni kwamba alikuwa fundi wa kuzaliwa. Kitu kikiwa kipya, lazima akifungue aone kinavyofanya kazi. Umeme ulipoanza kuingia mijini, yeye alikuwa miongoni mwa madaktari wa meno wa kwanza kuuingiza kliniki. Hewa ya kubanwa, vivyo hivyo. Katika maisha yake alisajili hataza za uvumbuzi zipatazo 30.

Lakini kitu cha kwanza kinachokuhusu wewe si mashine. Ni ajira aliyoitoa mwaka 1885.

Jiweke katika enzi hizo. Mwanamke wa heshima anaumwa na jino. Daktari ni mwanamume, wasaidizi wake, kama wapo, ni wavulana au wanaume. Kuingia peke yako katika chumba cha mwanamume usiye na undugu naye, ulale chali kwenye kiti, uachame, tena pengine uvutishwe gesi ya usingizi? Watu wangesema. Basi ilibidi aandamane na mumewe, au aje na mtumishi wa kike wa nyumbani. Mume akiwa safarini, jino linaendelea kuuma.

Kells alimwajiri mwanamke kijana aitwaye Malvina Cueria akae kliniki. Ndiye anayehesabiwa kuwa msaidizi wa kwanza wa kike wa daktari wa meno nchini humo. Mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kuwepo tu. Ndiyo, kuwepo. Madaktari wengine walipoiga, walibandika tangazo dirishani kuwajulisha wapita njia kwamba humo ndani yupo mwanamke, na wanawake wakaanza kuja wenyewe.

Mtu angeona hii ni kazi ya sanamu ya dukani. Lakini mtu mwenye akili hakai tu. Ukikaa kando ya kiti siku nzima unaona daktari anachohitaji, unajua kabla yake kwamba sasa atataka kioo, sasa pamba, sasa ile koleo. Unaanza kusafisha vifaa, unachanganya dawa ya kuziba, unamtuliza mtoto anayelia, unaandika miadi. Kufikia mwaka 1900 Kells alikuwa na wasaidizi wa aina mbili: mmoja wa kando ya kiti na mwingine wa uandishi na mapokezi. Tazama kliniki yoyote kubwa ya leo, mgawanyo ni huohuo. Anayekupokea mlangoni na anayekufyonza mate si mtu mmoja.

Na kwa kuwa nimetaja mate, wacha nimalize hilo kwanza. Mate ni adui wa daktari wa meno. Jino likiwa limelowa, dawa ya kuziba haishiki vizuri. Zamani walijaza pamba mdomoni, au wakaweka kipande cha mpira chenye tundu ambalo jino huchomoza, na mgonjwa alitema mate katika bakuli kila baada ya dakika chache. Kells alitengeneza mashine ya kufyonza inayoendeshwa na umeme, na wazo hilo likaingia hata katika vyumba vya upasuaji hospitalini ili kuondoa damu mahali daktari anapokata. Kama umewahi kusikia ule mlio wa mrija ukinywa kona ya mdomo wako kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija, huo ni ukoo wa mashine yake. Msaidizi anayejifunza leo hutumia saa nyingi kujua mrija ukae wapi ili usivute ulimi, usiguse kaakaa na kumfanya mgonjwa atapike, wala usizibe macho ya daktari.

Haya, tuingie kwenye eksirei.

Novemba 1895 mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopita ndani ya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Habari zilienea duniani mwanzoni mwa 1896 kama zinavyoenea video siku hizi. Wiki chache tu baadaye, huko huko Ujerumani, daktari wa meno Otto Walkhoff alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimbidi atulie bila kutikisika kwa dakika 25. Leo picha hiyo inachukua sehemu ndogo ya sekunde.

Kells naye hakungoja. Mwaka huohuo wa 1896 alipata mashine, akaifunga kliniki kwake, akajifunza mwenyewe kuitumia maana hapakuwa na wa kumfunza. Julai alikuwa tayari anawaonyesha madaktari wenzake mkutanoni Asheville, Carolina Kaskazini. Anahesabiwa kuwa wa kwanza Marekani kupiga eksirei ya meno ya mtu aliye hai. Mwaka 1899 alifanya jambo ambalo hadi leo linafanywa kila siku: aliweka waya wa risasi ndani ya mzizi wa jino, akapiga picha, na hivyo akaona mzizi unaishia wapi. Kabla ya hapo, daktari aliyetibu mzizi alikuwa anapapasa gizani.

Hebu fikiria ukubwa wa jambo hilo. Kwa karne na karne daktari wa meno alifanya kazi kwa kuona nusu ya jino. Nusu nyingine imezikwa kwenye ufizi na mfupa. Jino linaloota kiupande, jipu lililojificha, kipande cha mzizi kilichobaki baada ya kung'olewa vibaya, yote hayo alibahatisha. Sasa ghafla anaona. Ungekuwa wewe, ungeiacha mashine hiyo ipoe?

Ila mirija ya eksirei ya wakati huo ilikuwa na tabia mbaya. Ilikuwa ya kioo, imebaki na gesi kidogo ndani, na nguvu yake ilibadilikabadilika kutwa. Asubuhi inatoa mionzi hafifu, adhuhuri mikali. Kwa hivyo kabla ya kumpiga mgonjwa, ilikupasa uipime na kuirekebisha. Ungeipima na nini? Kipimo kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa mkono wako. Unawasha mtambo, unaweka kiganja mbele ya mrija, unatazama kwenye kioo kinachong'aa. Mifupa ya vidole ikionekana sawasawa, mrija uko tayari. Isipoonekana, unarekebisha, unaweka mkono tena. Mgonjwa wa kwanza, mkono. Wa pili, mkono. Mwaka hadi mwaka.

Tena kuna la pili. Filamu ndogo ilifungwa kwa karatasi nyeusi na mpira ili mate yasiingie, halafu ikawekwa mdomoni. Mtu alipaswa kuishika isiteleze, kwa dakika kadhaa. Mgonjwa akishindwa, nani ataishika? Daktari. Au msaidizi wake. Kells mwenyewe alibuni kifaa cha kushikilia filamu, lakini kile kiganja cha kupimia kiliendelea kurudi mbele ya mrija.

Mionzi haiumi ukiguswa nayo. Hilo ndilo lililowadanganya. Moto ukikuchoma unauruka, umeme ukikupiga unaruka, lakini mionzi inapita kimya na bili inakuja baada ya miaka. Wako waliolipa mapema. Mfanyakazi mmoja wa maabara ya Thomas Edison, fundi wa kioo aitwaye Clarence Dally, aliyejaribu mirija hiyo kwa mikono yake, alikatwa mikono yote miwili kwa sababu ya saratani na akafa 1904. Edison aliachana na eksirei kabisa. Zingatia kwamba aliyekufa alikuwa msaidizi.

Na onyo lilikuwepo. Huko Boston, daktari mwingine wa meno, William Rollins, alifanya majaribio kwa wanyama wadogo wa maabara na mwaka 1901 akaonyesha kwamba mionzi hii inaweza kuua hata pasipo kuacha alama ya kuungua. Akashauri mrija ufungwe ndani ya kasha la risasi, anayeutumia avae miwani yenye risasi, na sehemu za mwili wa mgonjwa zisizopigwa picha zifunikwe. Kila kitu unachofundishwa leo chuoni kuhusu mionzi, Rollins alikuwa amekisema kabla babu ya babu yako hajaona gari. Wengi walimpuuza. Mimi huwa najiuliza ni kwa nini, na jibu ninaloliona ni la kawaida tu: kliniki ilikuwa imejaa, wagonjwa wamepanga foleni, na mkono ulikuwa hauumi.

Wa Kells ulianza kuuma. Ngozi ilikauka, ikapasuka, vidonda vikakataa kupona. Kisha saratani. Walimkata vidole, kisha kiganja, kisha mkono wenyewe, hatua kwa hatua, miaka na miaka. Alilazwa mezani kwa upasuaji zaidi ya mara 30. Rafiki yangu, mara 30! Katikati ya hayo yote aliendelea kutibu meno, akabuni na vifaa vya kumsaidia kufanya kazi kwa mkono uliobaki.

Angekuwa na haki ya kuichukia eksirei, lakini hakuichukia. Alichokasirikia ni watu walioitumia vibaya. Miaka hiyo ilikuwa imezuka fasheni ya kitabibu: kila ugonjwa usiojulikana asili yake, kuanzia viungo kuuma hadi udhaifu wa akili, walidai unatoka kwenye meno. Dawa? Ng'oa. Watu waling'olewa meno mazima mdomo mzima kwa sababu ya kivuli kidogo kwenye picha. Kells, mtu aliyeileta mashine hiyo kwenye kiti cha meno, alisimama mwaka 1920 akapinga waziwazi. Aliwataka madaktari wenzake wakatae kung'oa jino lisilo na kosa eti kwa sababu daktari wa magonjwa mengine ameagiza. Ilichukua miaka mingine mingi kabla ya fasheni hiyo kufa, na kwenye hilo Kells alikuwa sahihi kabla ya wengi.

Alikuwa pia mwandishi. Mwaka 1925 alitoa kitabu cha kuwasaidia madaktari wa meno kuendesha kazi zao, na mwaka uliofuata akatoa cha maisha yake. Katika maandishi yake alieleza kwamba halalamikii yaliyompata, maana anapowafikiria maelfu ya watu waliopata nafuu kwa mionzi ile, hawezi kunung'unika.

Wakati huohuo, kazi aliyoianzisha 1885 kwa kumwajiri mwanamke mmoja ilikuwa imekua hadi ikawa na sauti yake. Mwaka 1924 wasaidizi wa madaktari wa meno walikutana Dallas, Texas, wakaunda chama cha taifa zima. Aliyewaongoza alikuwa Juliette Southard wa New York, yeye mwenyewe msaidizi. Hawakuwa wanadai tu mishahara. Walitaka mafunzo, wakishikilia kwamba mtu hawezi kukaa karibu na dawa, vifaa vya makali na mionzi kwa kufundishwa kwa kuangalia tu.

Kells aliishi hadi kuliona hilo. Lakini maumivu hayakumwacha, na saratani haikukoma. Mei 7, 1928, akiwa na umri wa miaka 71, alijitoa uhai ofisini mwake New Orleans. Sitalipamba jambo hilo wala sitamfanya shujaa kwa sababu yake. Alikuwa mgonjwa, alikuwa ameteseka zaidi ya miaka 20, na tiba ya maumivu ya wakati ule haikuwa ya leo.

Turudi chuoni sasa. Kozi ya msaidizi wa daktari wa meno iliyoidhinishwa Marekani haipaswi kupungua saa 900 za masomo, na 300 kati ya hizo ni za kushika kazi kliniki. Yako majimbo ambayo bado yanaruhusu daktari akufunze kazini bila chuo, lakini mengi yanakataa ukaribie mashine ya eksirei kabla hujasoma na kufanya mtihani wake. Ule mtihani wa kitaifa wa msaidizi mwenye cheti una sehemu tatu: kazi za kando ya kiti, kuzuia maambukizi, na usalama wa mionzi. Sehemu nzima ya tatu, ukitaka, unaweza kuiita somo la mkono wa Kells.

(Hapa kwetu usichanganye mambo. Chuo cha KMTC kina diploma ya afya ya kinywa ya jamii na ile ya ufundi wa meno, na hizo ni taaluma zinazojitegemea. Mhitimu wa afya ya kinywa ya jamii huona wagonjwa mwenyewe. Kama ndoto yako ni meno, soma vizuri maelezo ya kila kozi kabla ya kujaza fomu, maana wengi hujaza kwa kuangalia jina tu.)

Katika somo la mionzi utafundishwa usimame mbali na mashine, angalau mita mbili, wala si kwenye njia ya mionzi, au uwe nyuma ya ukuta unaokukinga. Utafundishwa utumie kiasi kidogo kabisa cha mionzi kinachotosha kutoa picha nzuri, na usipige picha isiyohitajika, hata kama bima inalipa. Mambo mengine yanabadilika: mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema ile aproni nzito ya risasi anayofunikwa mgonjwa si lazima tena, kwa kuwa mashine za kisasa hutoa mionzi kidogo sana na kuielekeza panapohitajika tu.

Kanuni moja haijabadilika na hailegezwi. Kamwe usishike filamu wala kihisi mdomoni mwa mgonjwa kwa mkono wako wakati mashine inapigwa. Hata kama ni mtoto anayelia. Hata kama ni mzee anayetetemeka. Hata kama daktari ana haraka na foleni imefika barabarani. Unatafuta kifaa cha kushikilia, au mzazi wa mtoto anakingwa na kushika, au picha inaahirishwa. Ukionekana umeshika kwa mkono wakati wa mazoezi, mwalimu anakusimamisha hapohapo.

Na picha za kwanza hutampiga mtu. Vyuoni kuna kichwa cha bandia kilichofungwa kwenye kiti, chenye meno na mashavu ya mpira, na vingine vina fuvu la kweli ndani yake. Unakipiga mara kumi, unakosea pembe mara tisa, unafuta, unaanza tena. Wanafunzi hukizoea, wengine hukitania na kukisemesha kama mgonjwa. Kisha unatoka, unasimama nyuma ya ukuta, na ndipo unapobonyeza kitufe.